Mzee wa Bango

4 Februari

Kwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Mama Mdogo. Mimi sijambo, isipokuwa mafua ya kiyoyozi ambayo nadhani yameamua kuhamia kwangu moja kwa moja. Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Nikipiga unasema salama, salama, abiria huyo anakuja, na unakata. Kwenye barua angalau unanisikiliza mpaka mwisho.

Habari kubwa ni kwamba nimehamishwa. Siuzi tena magari pale chini dukani. Nimepelekwa ghorofani, ofisi ya matangazo, nina meza yangu na dirisha linalotazama maegesho. Nitakueleza ilivyokuwa.

Unayajua yale magari madogo ya juu, ambayo sisi kazini tunayaita krosova? Ukilivua lile umbo, ndani ni gari dogo la kawaida, injini ileile, ila limeinuliwa kidogo na kuwekewa plastiki nyeusi pembeni mwa matairi ili lionekane la shughuli. Siku hizi ndiyo yanayogombaniwa. Mteja akiingia anaanza na habari za barabara mbovu. Ukimuuliza anakaa wapi, anakaa penye lami mpaka mlangoni. Hana haja na matope. Anachotaka ni kuketi juu, aone mbele, aonekane ana gari kubwa, na bado aweze kuliegesha penye nafasi ya gari dogo bila kumaliza mafuta.

Na wengine wana sababu ambayo hawaisemi. Mwezi uliopita alikuja mama mmoja mstaafu wa benki. Akalizunguka gari la chini, akalisifu rangi, akafungua mlango, akakitazama kiti kilivyo huko chini, akaufunga. Hakuingia. Akaenda kwenye la juu, akageuza mgongo, akaketi bila kuinama, akashika usukani. Uso wake ulilegea pale pale. Akaniambia analitaka kwa sababu ya mizigo. Nikamwambia ndiyo mama, mizigo. Nimeuza magari mengi kwa kukubali habari za mizigo.

Basi Mkuu wa Mauzo alituita sote, akauliza mbona wanunuzi wengi wa haya magari ni watu wazima, na sisi matangazo yetu yote ni ya vijana waliovaa miwani ya jua. Kila mtu akasema lake. Nami nikasema langu, na nikaonyesha kidogo kwa vitendo. Walilipenda. Kesho yake nikaambiwa nihamie juu. Mambo ya kikazi tu, yangekuchosha nikiyaeleza yote.

Goti linasemaje? Mwambie Mama Mdogo asikukubalie ukisema limepona.

Wako,
Chiriku


27 Februari

Kwako Chiriku,

Marahaba, mwanangu. Sisi hatujambo. Mama yako mdogo ameshinda na cherehani wiki nzima, sare za shule, na usiku anaota anashona mikono ya kushoto mitupu. Anakusalimu sana na anauliza kama unakula, maana kwenye picha uliyotuma anasema ameona shingo tu.

Habari ya meza na dirisha imetufurahisha mno. Baba yako angekuwepo angetembea na hiyo barua mfukoni. Kwa kuwa hayupo nimetembea nayo mimi. Pale kwenye kituo chetu cha teksi, nje ya lango la hospitali, nimewatangazia madereva wote kwamba ile kampuni kubwa ya magari, anayetunga matangazo yake ni binti yangu. Wamenitania kwamba sasa nitanunua suti.

Hayo magari yako ya juu nayajua. Moja liko hapa hapa kituoni, la kijana mmoja tunayemwita Sharobaro kwa jinsi anavyojipenda. Mimi naliona kama mtu mfupi aliyevaa viatu vya visigino virefu. Akivivua ni yuleyule. Lakini abiria wakitoka langoni wanalikimbilia, wanasema lina nafasi. Nafasi ipi? Kiti changu cha nyuma kinalishinda kwa upana, hata kipofu atakwambia. Sina la kulalamika lakini, kazi ipo.

Mwalimu bado ni abiria wangu. Unamkumbuka, yule mama aliyekufundisha hesabu. Figo zimemchosha, anakuja hospitali kusafishwa damu kila wiki, na hataki dereva mwingine. Tukifika namfungulia mlango, namshika kiwiko, naye ananiuliza kama nakumbuka saba mara nane. Sikumbuki, na anajua.

Goti ni goti. Halisemi kitu.

Baba yako mdogo


2 Aprili

Kwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Nimeipata barua yako, nikacheka habari za mikono ya kushoto. Mwambie Mama Mdogo ninakula. Msalimie na Mwalimu, umwambie hamsini na sita.

Umesema umewatangazia watu wote wa kituoni. Ungengoja kwanza, Baba Mdogo. Mimi bado ni mgeni hapa juu, na tangazo lenyewe halikuwa langu peke yangu, ofisi nzima imelishika.

Limekamilika wiki hii. Lina mwigizaji mmoja mtu mzima na magari mawili, la chini na la juu. Ni picha ya kawaida tu, sidhani kama ni kitu cha kukupotezea muda. Nimeambiwa litawekwa huku mjini, barabara kubwa, kwa hiyo huko kwenu hamtaliona.

Nilitaka nije mwezi huu lakini kazi imenibana. Nitakuja baadaye. Nimenunua dawa ya kuchua, nzuri, nitamtafuta mtu wa kumpa aje nayo.

Wako,
Chiriku


30 Mei

Binti yangu,

Salamu. Sisi wazima. Mama yako mdogo anasalimu. Mvua zimekatika.

Bango la kampuni yenu limewekwa juu ya ukuta wa duka la dawa, kando ya kituo chetu. Walikuja na ngazi asubuhi wakalibandika. Ni kubwa, na rangi zimetoka vizuri. Maneno yake yanasomeka hata ukiwa ng'ambo ya barabara: SHUKA KWA HESHIMA.

Sina mengine. Usitume dawa.

Baba yako mdogo


9 Juni

Kwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Nimepata salamu za Mama Mdogo, ninamsalimu pia. Barua yako niliisoma mezani, kisha nikaenda kuisoma tena chooni, kwa sababu mezani kwangu watu wanapita.

Nitaandika jambo ambalo umeshalijua. Uso ulio kwenye bango ni wa mwigizaji. Anavyoshuka ni wewe.

Siku ile ya mkutano wengine walisema watu wazima wanapenda gari la juu kwa usalama, wengine mafuta, wengine mwonekano. Mimi nikasema ni kushuka. Hawakuelewa. Nikavuta kile kiti kifupi cha wageni, nikaketi katikati ya chumba, nikawaonyesha. Mguu mmoja nje. Mkono juu ya mlango, mkono wa pili kwenye paa. Kujivuta mara ya kwanza na kurudi chini. Kukaa kidogo ukijipapasa mfukoni kana kwamba kuna kitu umesahau, na hakuna ulichosahau. Kisha kujivuta tena, kusimama umejikunja, na kabla hujanyooka, kutazama huku na huku kama kuna mtu ameona.

Pale kwenye kutazama ndipo walipoangua kicheko. Nami nilicheka. Nilikuwa nimekuona ukifanya hivyo tangu nimalize shule, na kila mara nilikuwa najifanya naangalia kwingine. Sijui kwa nini siku ile nilifurahi hivyo kukuonyesha kwa watu.

Mkuu wa Mauzo akauliza nimemtoa wapi mtu huyu. Nikasema, "Ni mzee mmoja, jirani yetu, dereva wa teksi."

Nimejaribu kujiambia kwamba neno hilo liliniponyoka. Halikuniponyoka. Wenzangu hapa wengi wamekulia nyumba zenye magari mawili na mlinzi getini, na mimi nilikuwa nimeshawaacha waamini kwamba nimekulia hivyo hivyo. Baba alipofariki ulinichukua ungali na nyumba ya chumba kimoja. Kila kitabu nilichosoma kilitoka kwenye lile gari. Na nikasema jirani. Mwigizaji alipokuja nilimfundisha mimi mwenyewe, nikamrekebisha mpaka akapatia.

Juzi nilikwenda kumwomba Mkuu wa Mauzo bango la kwenu liondolewe. Akashangaa, akaniambia tawi la huko sasa linauza kuliko mwaka wote uliopita. Akauliza kwa nini liondolewe. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia. Nikafungua mdomo, nikasema rangi hazikutoka vizuri. Akanionyesha picha. Zimetoka vizuri.

Sina cha kukuomba. Nimeandika tu.

Chiriku


15 Julai

Binti yangu,

Marahaba. Sikujibu mapema kwa sababu niliumwa kidogo, nikazirai. Sasa ni mzima. Mama yako mdogo anadhani lilikuwa joto, naomba aendelee kudhani hivyo, maana husoma barua zako lakini zangu hazisomi.

Nilijua siku ileile ya ngazi. Nilikuwa nimeegemea gari nawatazama wakibandika. Walianzia chini, vikaja viatu, likaja goti, ukaja mkono kwenye paa. Uso ulipofika ukawa si wangu, nikashukuru. Sharobaro akasema, "Mzee, mbona huyu anashuka kama wewe?" Hakusema kwa ubaya. Halafu wakakumbuka wote, kwa pamoja, kwamba mimi ndiye niliyezunguka na barua nikijisifu kwamba binti yangu ndiye anayetunga. Wakanyamaza. Kucheka kulikuja siku za baadaye, na jina likaja, Mzee wa Bango. Hayo nayaweza. Ule unyamavu ndio ulionimaliza.

Basi nikaacha kushuka. Nikifika asubuhi nakaa ndani ya gari mpaka jioni. Abiria anaingia mwenyewe, anatoka mwenyewe, mzigo anaubeba mwenyewe. Nikaacha chai, nikaacha maji, ili nisihitaji kwenda msalani mbele ya watu. Daktari ameniambia ndiyo sababu ya kuzirai kwangu. Mtu mzima, nje ya lango la hospitali, anakosa maji.

Lakini si hilo nililotaka kuandika. Nimeanza barua hii mara kadhaa nikafika hapa nikaiacha.

Nilimleta Mwalimu siku yake. Kituo kilikuwa kimejaa, bango liko juu yetu. Nikasimamisha gari, nikamwambia, "Mwalimu, mlango uko wazi." Akanitazama kwenye kioo. Alikuwa anangoja nije kumshika kama siku zote. Nikajifanya nakagua taa za dashibodi. Akangoja kidogo tena, kisha akashuka peke yake. Nilimsikia akianguka. Mpaka nipate pa kushika nijivute, Sharobaro alishavuka, alishamwinua, alishamkung'uta vumbi. Mkono ulivunjika, hapa kwenye kifundo. Sasa anakwenda na Sharobaro.

Kwa hiyo usijibebeshe yote. Bango halikumwangusha Mwalimu. Bango halina mikono. Mimi nilikuwa nayo miwili na nilikuwa nimeiweka mapajani.

Kuhusu neno lile, nimelisoma. Jirani naye ni mtu.

Baba yako mdogo


3 Agosti

Kwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Nimemwandikia Mwalimu salamu za pole kwa mkono wa kondakta huyu huyu atakayekuletea barua. Sikumweleza kitu. Mama Mdogo nimempigia simu, akanisimulia habari za joto, nikaitikia.

Barua yako niliisoma Jumamosi. Jumatatu tukawa na mkutano. Walikuwa wakipanga tangazo la pili, yule mzee tena, safari hii akiwa amejibanza mlangoni na mvua inamnyeshea. Wakanigeukia mimi nisimame niwaonyeshe atakavyokuwa. Kiti kifupi kilikuwa kimeshasogezwa.

Nikasema sitaonyesha. Nikasema, "Yule si jirani yetu. Ni baba yangu mdogo, ndiye aliyenilea, na bado yuko kwenye gari lile, chini ya bango letu."

Baba Mdogo, nilidhani nikisema nitapata nafuu. Chumba kizima kikaangalia meza. Binti mmoja wa uhasibu akaanza kuniomba radhi, nikamwomba asiendelee. Nikaona wanajaribu kukumbuka walivyocheka, na jinsi mimi nilivyocheka zaidi yao. Sikuwahi kujisikia mdogo namna ile.

Baada ya mkutano Mkuu wa Mauzo aliniita. Si mtu mbaya. Alifikiri ameona njia ya kulimaliza jambo vizuri. Akasema kampuni ikupe gari, jipya, la juu, uje ukabidhiwe mbele ya wapiga picha, watu wamwone mzee wa kweli akishuka kwa heshima. Nikamwambia hapana. Nikamwambia kamwe hutakubali kitu kama hicho, kwamba wewe si mtu wa kununuliwa. Tulitupiana maneno kidogo. Tangazo la pili limefutwa. La kwanza litakaa mpaka muda wake wa kulipiwa uishe, hilo limeshindikana.

Nilitaka ujue kwamba safari hii nilikutetea.

Wako,
Chiriku


28 Agosti

Kwako Chiriku,

Marahaba. Mama yako mdogo amemaliza sare, sasa anashona mapazia ya wodi ya watoto, nyumba nzima imejaa vitambaa vya samaki. Mimi ni mzima sasa, nakunywa maji mpaka yananichukiza.

Nianze na lile gari. Umelikataa kwa niaba yangu. Pengine ningelikataa. Pengine nisingelikataa, goti ni langu mimi. Ulinionyesha kwa watu bila kuniuliza, kisha ukanikatalia bila kuniuliza. Najua mara ya pili ilitoka kwenye upendo. Pengine na ya kwanza. Lakini zote mbili mimi sikuwepo.

Nikuchekeshe kidogo. Nilikwenda tawi lenu la hapa. Nilivaa shati la kutokea, nikawaambia natafuta gari la mpwa wangu. Binti wa pale akanifungulia mlango wa lile dogo la juu. Sikuinama na sikupanda. Nilikaa tu, kama mtu anayekaa mezani kwake kula. Nikaona barabara yote mpaka kwenye mzunguko, juu ya mapaa ya magari mengine. Nimeendesha gari miaka yote hii na sijawahi kuiona barabara namna hiyo. Nikashuka, nikajikuta nimesimama. Karibu nicheke peke yangu. Yule binti alikuwa ameliona goti tangu nilipoingia, najua aliliona, lakini aliniuliza habari za mizigo. Nikamwambia ndiyo, kuna mizigo mingi. Nikakukumbuka hapo. Kama ndivyo unavyowafanyia watu, basi kazi yako unaijua, na ndiyo maana imeniuma kwamba mimi hukunifanyia hivyo.

Kutoka pale nikaenda moja kwa moja kwa Mwalimu kabla ujasiri haujaniisha. Mkono bado umefungwa. Nilimwambia yote, nikamwambia niliona aibu kushuka mbele ya watu. Akausogeza mkono wake mbovu juu ya meza. Kisha akasema, "Na mimi? Kila wiki nashikwa kiwiko mbele ya watu haohao. Ulidhani mimi sioni aibu?"

Sikuwahi kufikiri. Miaka yote ninamshika nikijiona mwema, sikuwahi kufikiri kwamba na yeye hutazama huku na huku. Akaniambia alikuwa anaivumilia kwa sababu tulikuwa wawili. Siku ile nilimwacha nayo peke yake.

Nilishindwa kunyanyua macho. Alinipa chai kwa mkono wake mmoja, nikainywa yote.

Wiki iliyofuata Sharobaro alikuja dirishani kwangu akiangalia viatu vyake. Akasema yeye abiria wake ni wa jioni na usiku, asubuhi analala, gari linakaa bure. Kwamba Mwalimu hampendi anavyofungua muziki. Kwamba kama ningependa, asubuhi nilichukue mimi. Ndiye aliyenipa lile jina, na nadhani nalo lilikuwa linamkereketa. Sikumfanya aombe mara mbili. Kwa hiyo kuanzia juzi naendesha kile kiatu cha kisigino, asubuhi, na mchana narudi kwenye langu. Mwalimu anasema kiti ni kizuri. Namshika kiwiko, hatuambizani kitu. Bango bado lipo.

Sasa jambo langu na wewe. Likizo yako najua ni Septemba. Njoo. Usipitilize mpaka stendi kuu ukaja nyumbani kwa kichochoro cha nyuma kama unavyopenda. Shukia kituoni kwetu, mchana, watu wakiwepo. Uniite kwa sauti. Utaniita nani, chagua mwenyewe.

Baba yako mdogo


1 Oktoba

Kwa Baba,

Shikamoo. Nimefika salama, safari haikuwa na misukosuko. Mwambie Mama Mdogo nguo alizonishonea zimenikaa vizuri, na kwamba shingo imeanza kunenepa. Kazini nimeomba kurudi chini dukani, kuuza. Mkuu wa Mauzo alibisha kidogo, kisha akakubali haraka kuliko nilivyotarajia. Nadhani kuniona kule juu kulikuwa kunamsumbua. Jumatatu nilimuuzia mzee mmoja gari la juu, na mimi ndiye niliyeanza kutaja mizigo.

Kuna jambo nililibeba likizo nzima bila kulisema, na nimerudi nalo.

Siku ile niliyokuja, nilikuona kabla hujaniona. Ulikuwa umesimama kando ya lile gari la Sharobaro, mikono imejaa vumbi, unafuta kioo cha pembeni. Wenzako wameketi kwenye benchi. Bango liko juu yenu, uso wa yule mwigizaji umeanza kufifia kwa jua. Kondakta akaita, hospitali, wa hospitali wapo? Nilikuwa na begi mapajani. Nilikuwa nimejiambia njia nzima kwamba nitashuka nikikuita.

Sikuinuka. Kondakta akaita tena, nikaangalia chini. Basi likaondoka.

Nilishuka kituo kinachofuata, pale sokoni, nikakalia begi langu pembeni ya barabara. Sikuogopa wenzako. Niliogopa kwamba watanijua, yule ndiye binti aliyetunga, na nitalazimika kushuka mbele yao ngazi moja moja, wote wakiniangalia. Nikakaa pale mpaka muuza maji akaniuliza kama naumwa. Ndipo nikainuka, nikarudi kwa miguu.

Nilipokuita "Baba" mara ya kwanza sauti ilitoka ndogo. Najua uliisikia, niliona mkono wako umesimama juu ya kioo. Hukugeuka. Ulingoja niite tena, kwa nguvu, mpaka benchi zima likageuka. Ulifanya vizuri. Ungegeuka mara ya kwanza ningekuwa nimekwepa.

Kisha ukaja, ukaniuliza mbona nimelowa jasho hivi. Nikasema basi lilichelewa, limejaa, lina joto. Ukalichukua begi langu, ukawageukia wenzako ukiwa na furaha ambayo sijaiona kwako tangu utoto wangu, ukawaambia, huyu ni binti yangu, mumsamehe, basi lake limechelewa.

Halikuchelewa, Baba.

Wako,
Chiriku